Kumtunza mzazi nyumbani au kumpeleka makao ya wazee Nairobi: kipi kitahimili hali yake ikibadilika?

Kwa mama, mambo yalianza na vifungo. Sweta yake ya kijivu ina vifungo sita, na asubuhi moja ya Julai, baridi ile ya Nairobi inayopenya hadi mifupani, nilimkuta sebuleni ameketi na sweta wazi. Nikadhani hasikii baridi. Kumbe vidole vimekataa. Alikuwa amejaribu kwa muda, akachoka, akaona heri anyamaze asitusumbue.

Wiki hiyo tukakaa kama familia. Abaki nyumbani Buruburu tumtafutie mlezi, au tumpeleke kwenye makao ya wazee? Tulilinganisha bei, umbali, usafi, chakula, hadi maua ya uani. Kosa letu lilikuwa moja, nalo ndilo linalonifanya niandike haya: tulimchagulia mama wa siku ile, mama wa vifungo. Mama wa mwaka uliofuata hatukumfikiria kabisa. Kumbe swali la maana ni hili: siku hali itakapobadilika, nani ataona kwanza, nani ataamka usiku, nani atatoa uamuzi, na gharama itapanda kiasi gani? Ukilinganisha nyumbani na makao kwa maswali hayo, utaona picha nyingine kabisa.

Pima kabla ya kutembelea popote

Mwaka 1963 daktari Mmarekani, Sidney Katz, pamoja na wenzake walichapisha kipimo ambacho wauguzi wa wazee wanakitumia hadi leo. Ni mambo sita tu: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Kila jambo unauliza, anaweza mwenyewe au anahitaji mtu? Kwa kawaida kuoga huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kumshinda mtu, na kula kwa mkono wake mwenyewe huwa miongoni mwa ya mwisho. Kwa hiyo mzee anayehitaji kusaidiwa kuoga leo amekwisha kukuonyesha njia inakoelekea, hata kama bado anapiga soga na kukumbuka madeni ya watu wa chama.

Andika majibu kwenye karatasi, weka tarehe, na urudie kila baada ya miezi mitatu. Rudia pia kila anapotoka hospitali na kila anapoanguka. Ongeza mstari mmoja wa dawa (anazimeza mwenyewe, anasahau, au anazirudia mara mbili?) na mwingine wa usiku. Karatasi hiyo itakufaa uamuapo lolote, kwa sababu makao yoyote ya maana yatakufanyia tathmini yao kabla ya kumpokea mzazi. Ni vizuri uwe na ya kwako mkononi, msije mkabishana kwa kumbukumbu.

Nani ataona kwanza

Hapa nyumbani kunashinda, mradi mlezi awe yule yule.

Jumanne moja mama aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, kisha akataka kwenda uani kuangalia mbuzi. Buruburu hatuna mbuzi. Kaka yangu akasema kwa huzuni, "Basi, ndio uzee umeingia." Mlezi wetu, binti ambaye hakusomea uuguzi popote, alinivuta kando jikoni. "Dada, Shosho hakuwa hivi jana. Na tangu juzi anaenda choo mara nyingi, mkojo wenyewe una harufu kali." Tukampeleka kliniki. Ilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Akapewa dawa, na kabla ya wiki kuisha alikuwa anamkaripia kaka kwa kununua sukuma wiki iliyokwisha kukatwa.

Shika jambo hilo: mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, huo si uzee hadi daktari aseme. Huenda ni maambukizi, upungufu wa maji mwilini, dawa mpya, sukari iliyoshuka, au kiharusi. Ugonjwa wa kusahau huingia polepole, kwa miezi na miaka. Mwenye kujua tofauti ni yule aliyemwona jana.

Kwenye makao ya kwanza tuliyompeleka baadaye, wahudumu walibadilishwa kila wiki. Mama alipoacha kumaliza chakula, kila mhudumu mgeni alidhani ndivyo alivyo. Ni sisi tuliogundua, Jumapili, kwamba alikuwa anaficha tonge shavuni kwa sababu kumeza kumeanza kumshinda. Hilo si jambo dogo. Chakula kikipotea njia kikaingia mapafuni, huleta nimonia, na nimonia huwaondoa wazee wengi. Dawa yake ya kwanza ni rahisi: aketi wima, apewe tonge ndogo, chakula kilainishwe, asiharakishwe, na asilazwe mara tu baada ya kula. Lakini sharti mtu aone kwanza.

Makao yanaweza kuwa na macho mengi na bado yasione. Ukitembelea, usiombe kuonyeshwa chumba cha wageni. Omba daftari la kukabidhiana zamu. Hutasoma habari za wagonjwa, hiyo ni siri yao. Unataka tu kuona kama kurasa zimeandikwa, hasa za usiku na za Jumamosi. Daftari lenye "hali ni njema" mistari thelathini mfululizo lina maana kwamba hakuna anayeangalia. Linaloandika "amekunywa nusu kikombe, amekataa uji, ngozi ya kisigino ni nyekundu" ni la watu walio kazini.

Usiku

Familia nyingi hupanga mchana na kusahau usiku, na usiku ndio unaovunja mpango wa nyumbani.

Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anahitaji kugeuzwa kama kila baada ya saa mbili, la sivyo atapata vidonda mgongoni, nyongani na visiginoni. Hesabu basi: saa tatu usiku, saa tano, saa saba, saa tisa, saa kumi na moja alfajiri. Ni mara tano. Mlezi aliyeamka mara tano ndiye unayemtarajia asubuhi amnyanyue mama amwogeshe, afue, apike uji. Ataweza wiki moja, labda mbili. Baada ya hapo ataanza kuruka zamu ya saa tisa, na simlaumu. Amechoka kama ambavyo ningechoka mimi.

Sheria nayo iko wazi. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, mfanyakazi ana haki ya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka. Mlezi anayelala kwako hajatengwa na haki hizo. Kwa hiyo mzazi akifikia hatua ya usiku, "mlezi wa nyumbani" maana yake ni walezi wawili wa kupokezana na wa tatu wa kushika siku za mapumziko. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini, kama kilivyopandishwa Novemba 2024, kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Wawili kwa kima hicho ni Sh32,227.50 kabla ya posho ya nyumba, kabla ya michango ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya), kabla ya huyo wa tatu. Na mlezi mwenye mafunzo na uzoefu hatakubali kima cha chini, wala hapaswi.

Makao yana nafuu hapa, kama kweli yana zamu ya usiku. Uliza: saa tisa usiku kuna watu wangapi *walio macho*, na wanaangalia wazee wangapi? Neno "yupo" halitoshi. Yupo amelala chumba cha nyuma si zamu. Mimi nilipiga simu kwenye makao mawili saa nne na nusu usiku, kwa adabu, nikisema ninaulizia nafasi. Moja iliita hadi ikakatika. Nyingine ilipokewa mlio wa tatu na sauti iliyochangamka. Hiyo ya pili ndiyo tuliyoendelea kuzungumza nayo.

Nyumba yenyewe, maji na stima

Maisoneti zetu za Buruburu vyumba vya kulala viko juu. Mama alipoanza kushika ukuta akipanda ngazi, tulihamishia kitanda chake sebuleni, na kwa mwaka mzima wageni walikaa miguuni pake. Alilipenda hilo kuliko tulivyotarajia, alisikia kila habari. Lakini mlango wa choo cha chini ulikuwa mwembamba, kiti cha magurudumu hakikupita. Anayeishi ghorofa ya nne bila lifti, kule Umoja au Kahawa, ana tatizo kubwa zaidi: kila kliniki ni safari ya kubebwa, na watu wa ambulensi watapata taabu kwenye kona za ngazi.

Vitu vidogo huahirisha mabadiliko makubwa. Vyuma vya kushikilia bafuni, mkeka usioteleza, taa ya usiku kati ya kitanda na choo, kiti cha plastiki chenye nguvu cha kuogea, kuondoa zulia linalojikunja. Fundi wa mtaa anafunga vyuma kwa siku moja. Fanya hayo kabla ya kuanguka kwa kwanza, kwa sababu mzee akivunjika nyonga mara nyingi haamki na nguvu zile zile.

Kisha maji. Mtaa unaopata maji kwa mgao, kwa siku maalumu za wiki, ni mtaa mgumu kumtunzia mtu asiyezuia haja. Shuka tatu kwa siku si ajabu. Stima pia: godoro la hewa na mashine ya oksijeni hutegemea umeme, na ikipotea usiku kucha godoro linaweza kubaki gamba. Kwenye makao uliza kuhusu tangi, kisima na jenereta, kisha uombe iwashwe uisikie. Nyumbani jiulize vivyo hivyo bila kujionea huruma.

Ugonjwa wa kusahau

Nimeona familia zikikosea pande zote mbili. Mtu mwenye dimenshia hutulia mahali anapopajua: mlango ule ule, kikombe kile kile, redio ile ile saa ile ile. Ukimhamisha, unamwondolea nguzo alizokuwa amezishika. Nyumbani kuna faida hiyo, na ni kubwa. Lakini huyo huyo akiwa bado ana miguu yenye nguvu, jioni ikiingia huenda akataka "kwenda nyumbani" ilhali yuko nyumbani, na geti la Buruburu linatokea moja kwa moja kwenye njia ya matatu. Mlezi mmoja hawezi kupika na kulinda geti.

Kwa mzee kama huyo, makao yenye ua mpana uliozungushiwa ukuta, mahali anapoweza kutembea hadi achoke bila kufungiwa chumbani, ni bora kuliko nyumbani. Ila kuna swali moja watu hawaulizi: hali ikizidi, atahamishwa chumba au jengo? Baadhi ya makao huwapanga wazee kwa ngazi, na kila ngazi ina upande wake. Kwa mtu wa kusahau, kila kuhamishwa ni kupotea upya. Mimi ningechagua mahali ambapo huduma inamfuata mzee chumbani mwake, hata kama jengo ni la kawaida.

Pesa na mkataba

Nyumbani gharama hupanda hatua kwa hatua na unaiona inavyopanda: mlezi wa pili, kitanda cha hospitali, nesi wa kuja kubadilisha mpira wa mkojo au kufunga kidonda. Unaweza kukodi kitanda mwezi mmoja, ukakirudisha. Makao gharama hupanda kwa barua.

Makao ya kulipia hutumia mojawapo ya mitindo miwili. Wa kwanza ni ada moja ya mwezi inayobeba karibu kila kitu. Mwanzoni inaonekana ghali, maana unalipia huduma ambazo mzazi hajazihitaji. Wa pili ni ada ya msingi ya chumba na chakula, kisha nyongeza kwa ngazi: kusaidiwa kuoga, kulishwa, kubadilishwa pampasi, uangalizi wa usiku. Huu huvutia kwa sababu mwezi wa kwanza ni nafuu. Sisi tulichukua huu, na kufikia mwezi wa nne bili ilikuwa imepita ile ya makao tuliyoyaona ghali. Hakuna aliyetudanganya, yote yalikuwa ukurasa wa tatu wa mkataba, nasi tulisoma ukurasa wa kwanza.

Mwezi wa tano tukaitwa ofisini. Mama sasa alihitaji watu wawili kumtoa kitandani, na makao hayakuwa na watu wawili zamu ya usiku. "Amezidi kiwango chetu," wakasema, na wakatupa siku saba. Nilitoka pale nikaketi ndani ya gari bila kuwasha. Sikuwakasirikia kwa kukosa uwezo. Nyumba inayojua mipaka yake ni salama kuliko inayojifanya. Kilichoniuma ni kwamba hatukuambiwa siku ya kwanza. Kwa hiyo kabla hujatia sahihi, dai yaandikwe haya: hali gani itawafanya mseme hamwezi tena, ni nani anayefanya tathmini na kila baada ya muda gani, familia itaitwa kabla ya ngazi kubadilishwa au itaona kwenye bili, na tutapewa siku ngapi. Siku thelathini ni za haki. Saba si za haki.

Usitegemee serikali kubeba mzigo huu. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni bima ya matibabu. Ada ya makao na mshahara wa mlezi hutoka mfukoni mwa familia. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, humpa aliyefika miaka 70 na kusajiliwa Sh2,000 kwa mwezi. Pampasi nne kwa siku ni 120 kwa mwezi, na kila mnunuzi wa pampasi anajua Sh2,000 zitaishia wapi. Yapo pia makao ya hisani: Nyumba ya Wazee kule Kasarani, ya watawa wa Little Sisters of the Poor, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1839, na Mji wa Huruma wa Kaunti ya Nairobi. Hayo ni ya wazee maskini na wasio na wa kuwatunza. Mwenye watoto wenye mshahara asizibe nafasi hiyo.

Jambo la uuguzi nalipitia haraka: mhudumu si nesi. Vidonda vya kina, na kuweka au kubadilisha mpira wa mkojo au wa kulishia, vinahitaji muuguzi mwenye leseni ya Baraza la Wauguzi Kenya, na una haki ya kuiona, iwe nyumbani au makao. Kama makao yana nesi wa mchana tu, andika hivyo kwenye karatasi yako.

"Mmemtupa mzazi"

Mtaambiwa. Sisi tuliambiwa kanisani, na shangazi mmoja alitususia miezi mitatu. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia na serikali. Hakisemi matunzo hayo yawe chini ya paa la nani. Mama anayelala kwa muda wa saa sita juu ya shuka lenye unyevu nyumbani kwake hajaheshimiwa kwa kuwa nyumbani.

Lakini muulizeni mwenyewe, mapema, akiwa bado anajibu. Mama alitushangaza. Hakujali sana mahali. Alisema, "Mimi sitaki kuoshwa na mwanangu wa kiume. Hilo tu." Kaka, aliyekuwa amejitolea kwa moyo wote kushika zamu za Jumamosi, alinyamaza, kisha akasema yeye basi atashika gharama ya mlezi wa Jumamosi. Neno moja la mama lilipanga zaidi ya vikao vyetu vitatu.

Ningechaguaje leo

Mzee ambaye bado anajiweza kwa mambo manne au zaidi kati ya sita, analala usiku, na ana chumba cha chini chenye choo karibu, ningemwacha nyumbani na mlezi mmoja mzuri, na siku ya mapumziko ya mlezi huyo ningeishika mwenyewe. Akifika kwenye kunyanyuliwa na watu wawili, au kugeuzwa usiku, ningeangalia kwa ukweli kama familia inaweza kulipa walezi watatu. Kama haiwezi, ningempeleka makao yenye watu walio macho usiku na nesi wa saa 24, na ningempeleka mapema kidogo kuliko moyo unavyotaka, akiwa bado ana nguvu ya kuzoea sura mpya. Ombeni akae wiki mbili za majaribio kwanza. Makao mazuri hukubali.

Na popote atakapokuwa, uliza kama ataruhusiwa kumalizia siku zake hapo hapo au atakimbizwa hospitali kila hali inapozorota. Nairobi Hospice, iliyo karibu na Hospitali ya Kenyatta na inayofanya kazi tangu 1990, husaidia wagonjwa wa maradhi yasiyopona na familia zao kutuliza maumivu na kupanga siku hizo. Waone kabla mambo hayajawa ya dharura.

Siku ya kumhamisha, mpeni mhudumu karatasi ya pili, si ile ya kupima. Ya mama ilikuwa na mistari michache. Anaitwa Shosho, si "mgonjwa". Hasikii vizuri sikio la kushoto, simama upande wa kulia. Asioshwe kabla ya chai. Ukimvalisha sweta, anza vifungo kutoka chini, na kile cha juu kabisa mwachie ajaribu mwenyewe hata kama itachukua dakika kumi.